Sergei Witte na ngazi ya vidato 14

Mwaka 1722 Tsar Peter Mkuu aliwapangia watumishi wa dola ya Urusi ngazi ya vidato 14. Kila afisa, wa jeshi au wa ofisi, alikuwa na namba yake. Wa chini kabisa walinakili barua, na kidato cha kwanza kilikuwa cha Kansela wa dola. Hapo katikati watu walizeeka. Kila kidato kilikuwa na sare yake, miaka yake ya kusubiri na namna yake ya kusalimiwa, na mke wa afisa alikaa mezani kwa kufuata namba ya mumewe. Ngazi hiyo ilidumu hadi mapinduzi ya 1917.

Sergei Yulyevich Witte, aliyekuwa Waziri wa Fedha kwa miaka 11 na kisha waziri mkuu wa kwanza katika historia ya Urusi, hakuipanda ngazi hiyo kama wenzake. Aliirukia katikati, kwa amri ya mtu mmoja, baada ya ajali ya treni. Na aliposhushwa, alishushwa na mtu mmoja vilevile, mtoto wa yule aliyempandisha. Kati ya amri hizo mbili Urusi ilipata reli ya kufika Bahari ya Pasifiki, sarafu ya dhahabu, viwanda, madeni na, mwishowe, bunge.

(Kalenda ya Warusi wa zama hizo ilikuwa nyuma ya yetu kwa siku 12, na kwa siku 13 kuanzia mwaka 1900. Tarehe zilizomo humu ni za kalenda tunayoitumia leo.)

Mwana wa watu kwenye dirisha la tiketi, 1849–1877

Witte alizaliwa tarehe 29 Juni 1849 mjini Tiflis, ambao leo ni Tbilisi, mji mkuu wa Georgia. Baba yake, wa ukoo wenye asili ya Wajerumani wa Baltiki, alikuwa mkuu wa idara ya mali za serikali katika nchi za Kaukazi. Upande wa mama kulikuwa na damu ya kifalme ya akina Dolgoruky, jenerali mwandishi aitwaye Rostislav Fadeyev, na binamu mmoja, Helena Blavatsky, ambaye baadaye alitingisha Ulaya na Marekani kwa mafundisho yake ya siri za roho. Ilikuwa familia yenye jina kubwa na mfuko mdogo.

Kijana huyo alipenda hisabati. Alisoma Chuo Kikuu cha Novorossiysk kilichokuwa Odessa, akamaliza mwaka 1870, na nia yake ilikuwa kubaki hapo awe mhadhiri. Jamaa zake walichukia. Kufundisha hesabu, kwao, hakukuwa kazi ya mtoto wa nasaba. Hapo ndipo alipoingia kabaila mwenye cheo cha Graf, Vladimir Bobrinsky, Waziri wa Njia za Usafiri, aliyeifahamu familia. Alimshauri kijana aingie reli, na aingie kupitia mlango wa wafanyakazi.

Ushauri huo ulikuwa na akili kuliko ulivyoonekana. Urusi ilishindwa vita ya Crimea ya 1853–1856 kwa sababu nyingi, mojawapo ikiwa kwamba Waingereza na Wafaransa waliweza kuleta askari kwa meli kutoka mbali haraka kuliko Tsar alivyoweza kuwaleta wake kwa mikokoteni kutoka Moscow. Baada ya aibu hiyo nchi ililipukwa na homa ya kujenga reli. Nafaka za Ukraine zikaanza kuteremka hadi bandari ya Odessa kwa treni, fedha zikamiminika, na watu waliojua kuzifanya treni zitembee kwa wakati wakawa adimu kuliko mabehewa yenyewe.

Basi mwanahisabati akaketi kwenye dirisha la tiketi. Akawa msaidizi wa stesheni masta, akafanya kazi ya mizigo, akakagua ratiba. Miezi michache tu ya mafunzo hayo ikamwezesha kujua mambo ambayo mawaziri waliomtangulia hawakuwahi kuyajua: gunia la ngano hulala kituoni siku ngapi, nani hula rushwa ya behewa, na kwa nini treni huchelewa. Kabla ya kufika miaka 30 alikuwa mkuu wa usafirishaji katika reli ya Odessa.

Ndipo likaja balaa la Tiligul. Mwanzoni mwa Januari 1876, karibu na Odessa, mafundi waliondoa kipande cha reli juu ya tuta refu ili wakirekebishe, theluji ikaanza kuvuma kwa dhoruba, nao wakaenda kujipasha moto bila kuweka alama ya hatari. Treni iliyojaa kuruti wa jeshi ikaporomoka kutoka tutani na kuwaka moto. Zaidi ya vijana 100 walikufa. Wananchi walikasirika, na mahakama ikawahukumu mkurugenzi wa reli hiyo pamoja na Witte kifungo cha miezi minne.

Kilichomwokoa ni vita. Mwaka 1877 Urusi ilipopigana na Waturuki, reli ya Odessa ndiyo iliyobeba majeshi kuelekea mto Danube, na Witte akaipitisha mizigo ya vita kwa ustadi uliowafurahisha wakubwa. Kifungo kikapunguzwa hadi wiki mbili. Mtu mwingine angebaki na doa hilo maisha yake yote. Yeye alitoka na somo la kiufundi, kwamba reli haisamehe, na somo jingine ambalo halikuwa la kiufundi: mwenye kufaa wakati wa dhiki husamehewa.

Kiev, 1879–1888

Miaka iliyofuata tunaweza kuipita kwa hatua ndefu. Witte aliingia katika kampuni binafsi ya Reli za Kusini-Magharibi, akahamia Kiev, na mwaka 1886 akawa meneja wake. Mwaka 1883 alichapisha kitabu kuhusu nauli za mizigo, akieleza kuwa bei ya kusafirisha ifuate mahitaji ya soko na thamani ya bidhaa, isihesabiwe kwa gharama za kampuni pekee. Ni somo kavu kama mfupa. Lakini serikali wakati huo ilikuwa inazilipa kampuni za reli fidia ya hasara zao kila mwaka, na aliyeweza kueleza hasara hizo zinatoka wapi alikuwa na kitu cha kuuza.

Alikuwa mtu mrefu, mpana, asiye na adabu za saluni. Kifaransa chake kilikuwa kibovu kwa vipimo vya mji mkuu, na lafudhi yake ya Kirusi ilikuwa ya watu wa kusini. Katika St. Petersburg, mji mkuu wa wakati huo, haya yalihesabiwa kuwa makosa. Kiev alilipwa zaidi ya rubo 50,000 kwa mwaka, na hakuwa na haja na mtu.

Borki, 29 Oktoba 1888

Katika vuli ya 1888 Tsar Alexander III alisafiri na familia yake kwenda kusini. Treni yake ilikuwa kitu cha ajabu: mabehewa mazito kama majumba, yakivutwa na injini mbili za mizigo, ilhali wakuu wa safari walitaka mwendo wa treni ya abiria. Witte alifanya hesabu akaona kwamba injini za namna ile, kwa mwendo ule, hutikisika kiasi cha kuweza kuzisukuma reli nje. Akapunguza mwendo kwenye njia yake. Alipolaumiwa hadharani stesheni, mbele ya wakubwa, alijibu kwamba wengine wafanye watakavyo, yeye hatakubali kumvunja Tsar shingo.

Tsar alikuwa karibu, akasikia. Hakufurahi. Alinung'unika kwamba njia nyingine zote humpeleka kasi anayotaka, na akaitusi kampuni ile kuwa ya Wayahudi, kwa kuwa mmiliki wake mkubwa, Jan Bloch, alizaliwa katika familia ya Kiyahudi.

Majuma machache baadaye, wakati wa kurudi, treni hiyohiyo ilikuwa ikikimbia kwenye njia ya kampuni nyingine. Karibu na stesheni ya Borki, jirani na Kharkov, ikatoka relini. Watu zaidi ya 20 walikufa. Familia ya Tsar ilikuwa mezani ikila, behewa la chakula likasagika, na hadithi iliyoenea nchi nzima ni kwamba Alexander, aliyekuwa na nguvu za fahali, alilishikilia paa kwa mabega yake mpaka watoto wakatoka. Makanisa yakajengwa kumshukuru Mungu kwa muujiza huo. Tsar mwenyewe alimkumbuka pia yule meneja mkaidi wa Kiev.

Kisa hiki tunakijua hasa kutoka kwa Witte, katika kumbukumbu alizoandika uzeeni, na Witte hakuwa mtu wa kujipunja. Lakini yaliyofuata yako kwenye kumbukumbu za serikali. Aliitwa kutoa maoni ya kitaalamu kuhusu ajali, na Machi 1889 akateuliwa mkurugenzi wa Idara ya Mambo ya Reli, idara mpya iliyoundwa ndani ya Wizara ya Fedha.

Hapo ngazi ya Peter Mkuu ikaleta tatizo. Kwa kuwa alikaa kampuni binafsi karibu miaka yake yote, Witte alikuwa na cheo cha 9 tu, kile ambacho mwandishi Nikolai Gogol alimpa karani wake maskini katika hadithi ya "Koti". Mkurugenzi wa idara alitakiwa awe cheo cha 4, sawa na meja jenerali. Tsar akamrusha vidato vitano kwa mpigo. Mshahara nao ulikuwa kitendawili, kwa kuwa serikali ililipa rubo 8,000, sehemu ndogo ya alichopata Kiev. Alexander akaongeza 8,000 nyingine kutoka mfukoni mwake. Maofisa waliokuwa wamesubiri miaka 20 kwa ajili ya nafasi kama ile hawakuusahau mruko huo.

Wizara mbili kwa mwaka mmoja, 1889–1894

Mwaka 1891 mvua zilikosekana kwenye bonde la Volga na njaa ikatanda. Waziri wa Fedha, Ivan Vyshnegradsky, alikuwa amejaza hazina kwa kuwakamua wakulima kodi wakati wa mavuno, ili nafaka iuzwe nje upesi. Mkulima hakubakiwa na akiba. Njaa na kipindupindu viliua mamia ya maelfu ya watu, na jina la waziri likafa pamoja nao. Reli zilizidiwa, shehena za msaada zikakwama njiani, na Witte akapelekwa kuzikwamua. Februari 1892 akawa Waziri wa Njia za Usafiri, na kabla mwaka haujaisha akakabidhiwa Wizara ya Fedha badala ya Vyshnegradsky aliyeugua. Alikuwa na miaka 43.

Mwaka huohuo alioa mara ya pili. Mke wake, Matilda, alikuwa mtalaka na tena mzaliwa wa familia ya Kiyahudi iliyobadili dini, na kila moja ya sifa hizo ilitosha kuzima nyota ya afisa. Witte alimwendea Tsar akamweleza waziwazi na kusema yuko tayari kujiuzulu. Alexander, ambaye chuki yake kwa Wayahudi haikuwa siri, aliruhusu. Lakini ruhusa ya Tsar haikuwafungulia milango ya mabibi wakubwa wa mji mkuu, na Matilda alikaa zaidi ya miaka 10 bila kualikwa kwenye kasri. Anayetaka kuelewa uchungu uliomo katika kumbukumbu za Witte na aanzie hapo.

Nadhani Alexander III alimpenda kwa sababu walifanana. Wote walikuwa wakubwa wa mwili, wakali wa maneno, wasiopenda mapambo. Tsar yule hakuwa mwerevu wa vitabu, ila alipomwamini waziri alimwacha afanye kazi, na aliposema ndiyo asubuhi, jioni ilikuwa bado ndiyo. Witte alijenga mbinu zake zote juu ya tabia hiyo. Tarehe 1 Novemba 1894, Alexander alifariki kwa ugonjwa wa figo huko Livadia, Crimea, akiwa na miaka 49 tu.

Reli, vodka na dhahabu, 1892–1903

Sera ya Witte ilikuwa rahisi kuieleza na ghali kuitekeleza. Urusi, alisema, ilikuwa kama koloni la Ulaya: inauza nafaka na mbao, inanunua mashine. Ikitaka kubaki dola kubwa lazima iwe na viwanda vyake, na haraka. Mwalimu wake katika hilo alikuwa Mjerumani Friedrich List, aliyetetea ushuru wa kulinda viwanda vichanga. Na kwa kuwa matajiri wa Urusi walikuwa wachache na waoga, dola yenyewe ndiyo ingelazimika kuanza, kwa kujenga reli. Reli zingehitaji chuma, chuma kingehitaji makaa ya mawe, makaa yangehitaji wachimbaji, na mji ungeota pale palipokuwa na nyasi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa bonde la Donets.

Kubwa kuliko zote ilikuwa reli ya Siberia. Ujenzi ulianza mwaka 1891, na Nicholas, mrithi wa kiti, ndiye aliyeuzindua huko Vladivostok. Witte akamshawishi Alexander amfanye kijana huyo mwenyekiti wa kamati ya reli hiyo. Baba alishangaa, akiona kwamba mwanawe bado ni mtoto asiye na fikra za mtu mzima. Witte akajibu kwamba bila kuanza hatajifunza. Hesabu yake ilikuwa nzuri: mradi wenye mrithi wa kiti kama mwenyekiti hauwezi kunyimwa fedha. Katika miaka ya 1890 mtandao wa reli wa Urusi ulitoka takriban kilomita 30,000 ukavuka 50,000.

Fedha zilitoka sehemu tatu. Ya kwanza ilikuwa kodi za bidhaa za kila siku, kama sukari, tumbaku, kiberiti na mafuta ya taa, ambazo maskini hulipa bila kupewa risiti. Ya pili ilikuwa vodka. Kuanzia 1895, kwanza katika mikoa minne ya mashariki na kisha karibu nchi nzima, serikali ikachukua biashara yote ya kuuza vodka. Wenye mitambo waliendelea kukeneka, lakini spiriti yao ilinunuliwa na serikali, ikasafishwa na kuuzwa kwenye maduka ya serikali katika chupa zilizotiwa lakiri. Wananchi waliambiwa kuwa lengo ni kupunguza ulevi. Hazina iliona vingine. Kufikia vita ya 1914 vodka ililipa takriban robo ya mapato ya dola, na mhasibu yeyote anajua kwamba serikali inayoishi kwa chupa haitamani raia wote wawe wacha Mungu.

Ya tatu ilikuwa mikopo ya nje, hasa kutoka Paris. Lakini mkopeshaji wa Ufaransa hakutaka kukopesha kwa noti ambayo thamani yake hupanda na kushuka kama maji ya bahari. Noti za rubo zilikuwa hazibadilishwi kwa dhahabu tangu vita ya Crimea. Makabaila wenye mashamba waliipenda hali hiyo, kwa sababu rubo dhaifu iliwapa bei nzuri ya ngano nje. Baraza la Dola lilipinga mageuzi. Witte akalizunguka, akaenda moja kwa moja kwa Tsar, na Januari 1897 amri ikatoka: sarafu ya dhahabu iliyoandikwa rubo 10 sasa ni rubo 15. Kwa maneno mengine thamani ya rubo ilikatwa kwa theluthi moja, na ilipokwisha kukatwa ikafungwa kwenye dhahabu. Mtu angeweza kuingia benki na karatasi akatoka na dhahabu. Mtaji wa Ufaransa na Ubelgiji ukamiminika, na uzalishaji wa viwanda ukapanda kwa kasi ya takriban asilimia 8 kwa mwaka katika muongo huo.

Wapinzani wake walisema kwamba yote haya yamebebwa na mgongo wa mkulima, na hawakukosea. Witte mwenyewe aliliona hilo kwa kuchelewa, akaanza kuandika kuhusu hali ya vijiji mwishoni mwa muongo. Kufikia 1900 uchumi wa Ulaya ulipodorora, mikopo ikapungua, viwanda vikafukuza watu, na mwaka 1902 wakulima wa Poltava na Kharkov wakachoma majumba ya makabaila.

Tsar mwingine, sikio jingine, 1894–1903

Nicholas II alikuwa mpole, mwenye haya, asiyeweza kumkatalia mtu usoni. Alimheshimu Witte kama urithi wa baba yake na alimwogopa kwa sababu hiyohiyo. Waziri aliyezoea kubishana na Tsar kwa sauti nzito alikutana na kijana aliyetabasamu, akakubali, kisha akafanya kinyume chake jioni baada ya kuzungumza na mtu mwingine. Nguvu ileile iliyompandisha Witte wakati wa baba ilianza kumtafuna wakati wa mwana.

Walipishana hasa kuhusu China. Mwaka 1896 Witte alipatana na mjumbe wa China, Li Hongzhang, kwamba reli ya Siberia ipite kwa mkato katika Manchuria, na kutoka kwenye makubaliano hayo ukazaliwa mji wa Harbin. Mpango wake ulikuwa kupenya kwa reli, benki na biashara, bila kurusha risasi. Lakini Nicholas alitaka bandari isiyoganda, na mwishoni mwa 1897 meli za Urusi zikaingia Port Arthur, bandari ambayo Urusi pamoja na Ujerumani na Ufaransa ilikuwa imewalazimisha Wajapani kuiachia China miaka miwili tu kabla. Witte alipinga. Alisema ni kuwavunjia Wachina ahadi na kuwaalika Wajapani kwenye vita. Alishindwa. Ni haki pia kusema kwamba reli yake ndiyo iliyofungua njia ya tamaa hiyo. Aliyetoboa ukuta hana budi kushangaa kidogo tu wengine wanapopita.

Kundi la wajasiriamali wa kikasri wakiongozwa na afisa mstaafu Alexander Bezobrazov likamteka Tsar kwa ndoto za misitu ya mto Yalu, mpakani mwa Korea. Waziri wa Mambo ya Ndani, Vyacheslav von Plehve, akaungana nao. Tarehe 29 Agosti 1903 Witte alikwenda kutoa ripoti yake ya kawaida, akiwa ameagizwa aje na gavana wa Benki ya Dola, Eduard Pleske. Ripoti ikaisha vizuri. Wakati wa kuagana Tsar akamwambia kwamba amemteua kuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mawaziri, na kwamba Pleske anachukua Fedha. Cheo kilikuwa kikubwa zaidi, kazi haikuwepo. Kamati ile ilikuwa ofisi ya kupitisha makaratasi.

Portsmouth, Agosti 1905

Februari 1904 Wajapani walishambulia Port Arthur. Kilichofuata kinajulikana: Port Arthur ikaanguka, jeshi likashindwa Mukden, na Mei 1905 meli zilizozunguka nusu ya dunia kutoka Baltiki zikazamishwa Tsushima. Nyumbani, tarehe 22 Januari 1905, askari walikuwa wamewapiga risasi wafanyakazi waliobeba picha za watakatifu kwenda kumwomba Tsar. Plehve alikuwa amekwisha kuuawa kwa bomu tangu Julai iliyotangulia.

Rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, akajitolea kupatanisha. Nani aende? Nicholas alimtafuta kila mtu isipokuwa Witte. Wanadiplomasia wawili walipoikwepa kazi hiyo ndipo alipoitwa, akapewa masharti ya Tsar: fidia hata kopeki moja hakuna, ardhi hata shubiri moja haitoki.

Alifanya kazi yake kwa namna ambayo wanadiplomasia wa zamani waliiona ya kishamba. Wajapani, wakiongozwa na Komura Jutaro, walinyamaza mbele ya magazeti. Witte aliongea na kila mwandishi, akamshukuru dereva wa treni kwa kumshika mkono, na Wamarekani ambao awali waliishangilia Japani wakaanza kulegea. Huyu alikuwa mtu wa reli akiwa nyumbani kwake. Tena alijua siri ya mhasibu: Japani ilikuwa imeshinda vita ila imeishiwa fedha. Mkataba wa amani ulitiwa saini mjini Portsmouth, Marekani, tarehe 5 Septemba 1905. Urusi haikulipa fidia, ikatoa nusu ya kusini ya kisiwa cha Sakhalin, nusu ambayo Nicholas mwenyewe alikuwa amekwisha kumwambia balozi wa Marekani kuwa anaweza kuiachia.

Witte akatunukiwa hadhi ya Graf. Mahasidi wake mjini wakamwita Graf Nusu-Sakhalin.

Miezi sita ya uwaziri mkuu, Oktoba 1905 – Mei 1906

Alirudi akakuta nchi inasimama. Tarehe 20 Oktoba wafanyakazi wa reli ya Moscow–Kazan waligoma, na kwa siku chache mgomo ukaenea katika reli zote, kisha viwandani, kwenye telegrafu, kwenye magazeti. Tsar alikuwa Peterhof, nje ya mji mkuu, na mtu aliyeipa Urusi reli alilazimika kumfuata kwa meli kwa sababu treni hazitembei.

Witte alimwekea mezani njia mbili. Ama ateuliwe dikteta wa kijeshi awazime watu kwa nguvu, ama watu wapewe uhuru na bunge lenye mamlaka ya kutunga sheria. Yeye mwenyewe hakuwa mpenzi wa mabunge, na miaka michache nyuma alikuwa ameandika kwa kirefu kutetea utawala wa Tsar peke yake. Lakini alijua kuhesabu, na alihesabu askari waaminifu akaona hawatoshi. Nicholas alimtaka binamu ya baba yake, Nikolai Nikolayevich, awe dikteta, na inasimuliwa kwamba binamu huyo alitoa bastola akasema atajiua kuliko kukubali. Tarehe 30 Oktoba 1905 Tsar akatia saini Ilani ya Oktoba: uhuru wa dhamiri, wa kusema, wa kukusanyika, na hakuna sheria itakayopita bila Duma, yaani bunge. Witte akawa Mwenyekiti wa Baraza la Mawaziri, baraza la kwanza nchini humo kuwa na waziri mkuu.

Miezi sita hiyo ndiyo mibaya kuliko yote ya maisha yake. Siku moja baada ya ilani, magenge yaliwashambulia Wayahudi katika miji mingi, na Odessa, mji wa ujana wake, mamia waliuawa. Waliberali aliowaalika serikalini walikataa, hasa kwa sababu alimteua Pyotr Durnovo, mtu wa polisi, kushika Mambo ya Ndani. Desemba wafanyakazi wa Moscow walichukua silaha, mizinga ikawanyamazisha, na vikosi vya adhabu vikapelekwa kufuata njia za reli, stesheni kwa stesheni. Wa kushoto walimwona mnyongaji, wa kulia walimwona msaliti aliyemnyang'anya Tsar haki aliyopewa na Mungu. Nicholas alielekea upande wa hao wa pili.

Alibakizwa kwa sababu moja, mkopo. Hazina ilikuwa tupu na benki za Paris zilimwamini Witte. Aprili 1906 ukapatikana mkopo wa faranga bilioni 2.25, mkubwa kuliko mkopo wowote uliowahi kuchukuliwa na nchi hadi wakati huo. Fedha hizo ziliiwezesha serikali kukutana na Duma bila kuiomba chochote. Ziliiwezesha pia kumwacha Witte. Alipoomba kujiuzulu, hakubembelezwa. Mwanzoni mwa Mei akaondoka, na Duma ilipofunguliwa tarehe 10 Mei, kiti chake kilikaliwa na mzee mtiifu, Ivan Goremykin.

Baada ya hapo

Alibaki mjumbe wa Baraza la Dola, akilipwa na asisikilizwe. Februari 1907 mabomu yalikutwa kwenye mabomba ya moshi ya nyumba yake, yametegwa na watu wa mrengo wa kulia, hayakulipuka. Alikesha akiandika kumbukumbu zake, akazihifadhi nje ya nchi kwa kuhofia wapelelezi, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Alipofariki tarehe 13 Machi 1915, akiwa amepinga vita na Ujerumani tangu siku ya kwanza, maofisa walifunga ofisi yake kwa lakiri na nyumba yake ya Biarritz, Ufaransa, ikapekuliwa. Hawakupata kitu. Kitabu kilitoka baada ya ufalme kuanguka, na ni kitamu, ingawa kila msomaji makini hupunguza kiasi anapofika kwenye kurasa za Nicholas.

Kazi zake ziliondoka moja baada ya nyingine. Vita ilipoanza mwaka 1914, serikali ilisimamisha ubadilishaji wa rubo kwa dhahabu na ikapiga marufuku uuzaji wa vodka, hivyo ikajikatia robo ya mapato wakati ilipoyahitaji kuliko wakati wowote. Wabolsheviki, wanamapinduzi waliotwaa madaraka, wakafuta madeni ya Tsar Februari 1918. Waliopata hasara kubwa walikuwa Wafaransa wa kawaida, zaidi ya milioni moja, walimu, wajane na wenye maduka, walionunua hatifungani za Urusi kwa kusoma magazeti ambayo wakala wa Wizara ya Fedha ya Urusi mjini Paris alikuwa akiyahonga yasifie. Warithi wao waliendelea kudai kwa karibu miaka 80. Novemba 1996 Moscow ilikubali kuilipa Ufaransa dola milioni 400, sehemu ndogo tu ya kilichokopwa, na vyama vya wenye hatifungani vikakataa kukubali kwamba kesi imekwisha.